Adolph Murie: mtu aliyehesabu watoto wa mbwa mwitu mlangoni mwa shimo

Wakaaji wa vijiji vinavyopakana na parki wanajua vizuri hii mabishano. Mmoja anasema wanyama wakali wameongezeka sana, wanazaana kama panya. Mwingine anasema hapana, wamebaki wachache, watamalizika. Kila mtu ana ushuhuda wake: huyu aliona majike wawili na watoto watano, yule amepita pori mwaka muzima bila kuona hata nyayo. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, na bado hakuna kati yao anayejua jibu.

Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyetumia miaka yake karibu yote kwa swali hilo: mnyama mkali wa pori anazaa watoto wangapi, na kati yao wangapi wanabaki? Jina lake ni Adolph Murie. Hakufanya kazi kwetu. Alikuwa Mumarekani, na pori lake lilikuwa Alaska, kule kaskazini kabisa ambako theluji inakaa zaidi ya nusu mwaka. Lakini njia aliyofungua ilifika mpaka juu ya volkano zetu za Kivu, na tutaona namna gani.

Mtoto wa wahamiaji

Murie alizaliwa tarehe 6 mwezi wa 9 mwaka wa 1899, katika muji mudogo wa Moorhead, jimbo la Minnesota. Familia yake ilitoka Norway. Kaka yake Olaus alimzidi miaka kumi, na njo Olaus aliyemufungulia njia. Mwaka wa 1922 Olaus alikuwa Alaska kwa kazi ya serikali, anafuata makundi ya paa wa nchi za baridi. Akamwita mdogo wake aje kumsaidia. Kijana akajifunza kusafiri na mbwa wanaovuta kigari juu ya theluji, kulala kwenye baridi kali, na kuandika kila siku yale aliyoyaona kwa macho yake. Hiyo desturi ya kuandika hakuiacha tena.

Kisha alirudi masomoni, na mwaka wa 1929 akapata udokta katika Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka wa 1932 alioa Louise Gillette. Louise na bibi ya Olaus walikuwa ndugu wa mama mmoja, kwa hiyo hao wakaka wawili wakawa ndugu mara mbili. Mwaka wa 1934 Adolph akaingia kazi katika idara ya serikali inayosimamia parki za taifa za Marekani.

Mbele ya hapo alikuwa amekwisha kuonyesha yeye ni mtu wa namna gani. Kwenye kisiwa cha Isle Royale, katika ziwa moja kubwa la Marekani, kulikuwa kundi la paa wakubwa sana, wakubwa kama farasi, wenye pembe pana kama koleo. Watu walifurahi kuwaona wengi. Murie alipofika hakuangalia wingi wa paa peke yake, aliangalia pia miti wanayokula. Akasema wazi kwamba chakula kinaisha na njaa iko njiani. Miaka michache baadaye paa wengi walikufa. Kisiwani hakukuwa mnyama wa kuwapunguza.

Fundisho hilo lilimukaa moyoni: hesabu ya wanyama unaowaona leo haikwambii kesho itakuwaje. Inabidi ujue wanaozaliwa na wanaokufa.

Rapoti iliyokasirisha wakubwa

Mwaka wa 1937 walimutuma kwenye parki ya Yellowstone kuchunguza koyote, aina ya mbweha wa Marekani. Watu walilalamika kwamba koyote wanamaliza paa na swala wa parki. Wengi walingoja rapoti moja tu: ya kuruhusu wauawe.

Murie hakuanza na malalamiko, alianza na mavi. Aliokota na kupasua mavi ya koyote zaidi ya 5 000, akitafuta mifupa, manyoya na meno ndani yake. Alichokikuta sana sana ni panya, fuko na hata panzi. Paa wakubwa walikuwamo, lakini wengi walikuwa wamekufa kwa baridi na njaa, koyote wakala mizoga. Alipoandika hivyo, wakubwa fulani walikasirika. Walitaka mtu wa kuwapa sababu, akawapa hesabu.

Pamoja na hayo idara yake ilimuchagua tena kwa kazi nzito zaidi.

Kelele za Mount McKinley

Parki ya Mount McKinley, ambayo tangu 1980 inaitwa Denali, iliwekwa mwaka wa 1917 juu ya kondoo weupe wa milimani. Wawindaji walikuwa wanawamaliza. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1930, kukaja baridi mbaya na theluji nyingi, kondoo wakafa kwa wingi. Waliobaki walikuwa wachache sana.

Nani alaumiwe? Vidole vyote vikaonyesha mbwa mwitu. Tueleze kidogo: huyu si mbwa mwitu wa Afrika mwenye madoa na masikio ya mviringo. Ni yule wa kwenye Biblia, mkubwa, wa kijivu ao mweusi, babu wa mbwa wetu wa nyumbani. Wawindaji, magazeti na hata marafiki wa parki walidai auawe mpaka amalizike. Walinzi walikuwa wamekwisha kuua wengine. Hoja yao ilikuwa fupi: jike anazaa watoto sita kila mwaka, hesabu mwenyewe miaka mitano, utaona kondoo hawatapona.

Hesabu ya namna hiyo inaonekana safi kwenye karatasi. Kazi ya Murie ilikuwa kwenda kuona kama pori linaikubali.

Aliingia parki mwezi wa 4 mwaka wa 1939. Mwaka ule wa kwanza alitembea karibu kilomita 2 700 kwa miguu. Ni kama kutoka Bukavu mpaka Goma kwa barabara, zaidi ya mara kumi na mbili. Alikuwa na darubini, kaye ya kuandikia, na uvumilivu. Alirudi mwaka wa 1940, safari hii na bibi na watoto, wakakaa kwenye nyumba ndogo ya mbao karibu na mto East Fork.

Kujua sura zao

Kitu cha kwanza alichotafuta ni kuweza kutofautisha mbwa mwitu mmoja na mwingine. Bila hiyo, mnyama mmoja akipita mara tatu unaandika watatu. Murie aliwaangalia rangi, madoa ya uso, mwendo, umri. Akawapa majina. Mmoja aliyeonekana mzee alimwita Babu. Mwingine alikuwa na alama nyeusi machoni kama mwizi aliyejifunika uso, akapewa jina la hiyo alama. Mwingine, dume mwenye madaha, alipata jina la mtu anayependa kuvaa vizuri. Sisi huku tungemwita sapeur.

Majina hayo yalikuwa chombo cha kazi. Kundi la East Fork mwaka wa 1940 lilikuwa na wakubwa saba. Kwa kuwa alijua kila mmoja, aliweza kusema nani mama, nani dume wake, nani anasaidia tu.

Ndani ya shimo

Kitu cha pili kilikuwa kujua watoto wanaozaliwa. Hapa njo tatizo lenyewe. Mbwa mwitu wanazaa mwezi wa tano, ndani ya shimo chini ya udongo. Watoto wanatoka nje kwanza wakiwa na majuma karibu matatu. Mwenye kuwahesabu wakicheza nje anahesabu waliopona, si waliozaliwa. Na mwenye kuwahesabu wakati wa theluji, wakiwa wakubwa, anapata hesabu nyingine tena, iliyo ndogo zaidi.

Tarehe 15 mwezi wa 5 mwaka wa 1940, Murie alilala kifudifudi akatambaa ndani ya shimo la East Fork. Wazazi walikuwa nje, dume mmoja anabweka kwa mbali. Hakuna aliyemurukia. Mwisho wa shimo alikuta watoto sita, macho bado yamefungwa. Alibeba mmoja, jike, ili amulee nyumbani na kujifunza tabia yake tangu udogo. Familia ilimwita Wags. Hofu kubwa ya Murie ilikuwa wazazi wasihame na kuacha watoto. Hawakuhama.

Kisha akakaa mbali, ngambo ya mto, na kuangalia shimo siku nyingi, mara nyingine usiku kucha, kwa kuwa kule Alaska wakati wa joto usiku hauwi giza kabisa. Ni hapo aliona jambo ambalo hesabu ya karatasi haikuwa nalo.

Penye shimo lile kulikuwa na majike zaidi ya mmoja. Jike mweusi alikuwa mama. Jike mwingine, wa kijivu, alikaa na watoto wakati mama anakwenda kuwinda na madume. Mtu anayepita angesema: majike wawili, kila mmoja na watoto sita, jumla kumi na mbili. Kumbe aliyezaa ni mmoja. Yule wa kijivu alikuwa yaya tu.

Mwaka uliofuata, 1941, mambo yalibadilika. Yule yaya alizaa pia. Kila mmoja alikuwa na shimo lake, kisha mama mmoja akahamisha watoto wake, wote wakalelewa pamoja. Sasa mtu anayepita mwisho wa mwezi wa sita angeona kundi kubwa la watoto, angesema mama mmoja amezaa kupita kiasi. Kosa tena, kwa upande mwingine.

Kwa hiyo kundi lile lile, shimo lile lile, miaka miwili inayofuatana, lilitoa hesabu mbili tofauti za uzazi. Huwezi kuchukua idadi ya majike, ukazidisha kwa sita, ukasema umejua. Lazima ujue majike wangapi wamezaa mwaka ule, kila mmoja amezaa wangapi, na wangapi wamefika mwaka wa pili. Maswali hayo matatu yamebaki mpaka leo kuwa msingi wa kazi hiyo, iwe kwa mbwa mwitu, simba ao fisi.

Vichwa 829

Bado kulikuwa upande wa kondoo. Kama mbwa mwitu wanaua, wanaua nani? Murie alizunguka milima akiokota vichwa vya kondoo waliokufa zamani. Alipata 829. Pembe ya kondoo yule inakua kila mwaka na kuacha pete, kama mti. Unahesabu pete, unajua alikufa na umri gani.

Vichwa vilisema habari moja: wengi waliokufa walikuwa ama wadogo sana, ama wazee na wagonjwa. Kondoo wa katikati, wale wenye nguvu na wanaozaa, walikufa kidogo. Mavi ya mbwa mwitu, zaidi ya elfu moja aliyoyapasua, yalionyesha kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa paa wa baridi, si kondoo. Na kila mwaka alihesabu wana-kondoo penye majike, kisha akarudi kuhesabu wale waliofika mwaka mmoja. Alipata picha ya kundi linaloumia miaka mingine, linalopumua miaka mingine, lakini halimalizwi.

Mwaka wa 1944 kitabu chake juu ya mbwa mwitu wa Mount McKinley kilitoka. Wataalamu wengi wanakihesabu kuwa kazi ya kwanza kubwa ya kisayansi juu ya mbwa mwitu kwenye pori lao. Mwaka wa 1947 mtaalamu Edward Deevey alichukua vichwa 608 kati ya vile vya Murie, akatengeneza jedwali la maisha na vifo linalofundishwa mpaka leo katika vyuo vya elimu ya wanyama.

Mwaka mgumu wa 1945

Ingekuwa vizuri kumaliza hapa na kusema hesabu ilishinda kelele. Haikuwa rahisi hivyo.

Mwaka wa 1945 Murie alirudi Mount McKinley kuhesabu tena kondoo. Alikuta karibu 500, wachache kuliko wale wa 1941. Wakati uleule wawindaji walikuwa wamefikisha mashitaka yao kwa wabunge wa Marekani, na mwisho wa mwaka ukaletwa mradi wa sheria ya kulazimisha parki iue mbwa mwitu.

Murie hakuficha hesabu yake juu haimpendezi. Aliiandika kama alivyoikuta, akashauri mbwa mwitu wachache, kumi mpaka kumi na tano, wapunguzwe kwa muda ili kondoo wapate kupumua. Wapenzi wa mbwa mwitu waliona ameregea. Maadui wa mbwa mwitu waliona ametoa kidogo. Lakini kwa ushauri huo, idara ilikuwa na kitu cha kuonyesha, na sheria ile ya kuua bila mpaka haikupita. Waliouawa walikuwa wachache sana, kondoo wakaanza kuongezeka, na mwaka wa 1952 kazi ya kuua mbwa mwitu ndani ya parki ikasimamishwa.

Watu wanabishana bado kama alifanya vizuri. Kitu kimoja hakina mabishano: asingekuwa na kaye za miaka ile, hakuna mtu angemusikiliza.

Dubu na subira ya miaka

Baada ya hapo Murie aliendelea kurudi Alaska karibu kila mwaka, safari hii akifuata dubu. Dubu ni fundisho jingine. Mama dubu anakaa na watoto wake miaka miwili ao zaidi, na wakati huo hazai tena. Tuchukue mfano: kama mama anazaa wawili kila miaka mitatu, mama thelathini hawatoi watoto sitini kwa mwaka, wanatoa ishirini. Tofauti hiyo inaweza kuokoa ao kumaliza kundi, kama serikali inatoa ruhusa ya kuwinda kwa kufuata hesabu ya kwanza.

Kuna pia mutego: mama aliyepoteza watoto wote anaonekana peke yake, na watu hawamuandiki kabisa kama mama. Ukihesabu tu mama wenye watoto, utasema uzazi ni mzuri sana. Njo maana Murie alifuata familia zilezile, akizitambua kwa rangi na sura, mwaka kwa mwaka.

Katika miaka hiyo wataalamu wengine walileta njia mpya. Wengine walipasua vizazi vya majike waliouawa na wawindaji, kwa sababu kila mtoto aliyeshika mimba anaacha alama ndani. Wengine, tangu mwanzo wa miaka ya 1960, waliwapiga dubu sindano ya usingizi na kuwavalisha shingoni radio ya kutoa sauti. Njia hizo zinatoa hesabu za haraka. Murie hakuzipenda ndani ya parki. Kwake, mnyama wa parki ana haki ya kuachwa bila kufungwa kitu. Kazi yake ya dubu ilitoka kuwa kitabu mwaka wa 1981, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa.

Vilevile alipinga mpango wa kupanua barabara ya parki ili magari mengi yapite. Sehemu kubwa ya barabara hiyo imebaki ya changarawe mpaka leo. Kitabu chake kingine juu ya maisha ya Alaska kilipata medali ya John Burroughs mwaka wa 1963. Alipumzika kazi mwaka wa 1965, akafa mwezi wa 8 mwaka wa 1974, huko Moose, jimbo la Wyoming.

Njia iliyofika Mikeno

Na sisi, tunaingia wapi? Mwaka wa 1956 Olaus Murie na bibi yake waliongoza safari ya uchunguzi kwenye mto Sheenjek, Alaska. Kati ya vijana waliokuwa nao alikuwamo mwanafunzi mmoja, George Schaller. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka wa 1959, Schaller alipanda Kabara, kati ya milima Mikeno na Karisimbi, katika parki yetu ambayo wakati ule iliitwa Parc Albert na leo ni Virunga. Alikaa karibu na gorila bila bunduki, akiwatambua mmoja mmoja kwa sura, akiandika kila mama na mtoto wake. Njia ni ileile ya East Fork.

Kisha, tangu 1966, Schaller alikwenda Serengeti, Tanzania, kufuata simba. Hapo tena hesabu iliwashangaza watu. Simba jike anaficha watoto wake majuma ya kwanza, halafu zaidi ya nusu ya wanaozaliwa hawafiki ukubwani. Mwenye kuona watoto wanne leo hajaona simba wanne wa kesho.

Kwa hiyo mabishano ya kijijini yanaporudi, wanazaana sana ao wanaisha, kuna maswali ambayo kila mkaaji ana haki ya kuuliza, awe mkulima aliyepoteza mbuzi ao mlinzi wa parki. Umewaonea wapi, na mwezi gani? Ulijua kwamba ni walewale ao ni wengine? Majike wangapi walizaa kweli? Na wale watoto wa mwaka jana, wako wapi? Mtu anayeleta hesabu bila kujibu hayo, awe wa ofisini ao wa pembeni ya shamba, bado hajafika mlangoni mwa shimo.